Mashine Isiyotaja Majina

Tangu nistaafu, haipiti wiki bila mwalimu fulani kunipigia simu akitaka kujua ile meza ya kujikopea vitabu inawekwaje. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya skana. Hao nawaambia wanipigie tena wakishakunywa chai, kwa sababu skana ndiyo kitu cha mwisho. Nimeona afadhali niandike mambo yote mahali pamoja, ninyi mnaoshika kazi hii mjue mmerithi nini, nami nipate nafasi ya kupalilia sukuma wiki yangu kwa amani.

Mimi ni mtu wa upande wa ziwa. Nilikuja Eldoret nikiwa msichana mwenye cheti cha kupiga taipu, nikaajiriwa kuwa karani katika shule moja ya msingi karibu na Kapsoya. Siku ya kwanza nilikalishwa mbele ya taipu isiyo na herufi R. Asubuhi nzima niliandika barua za wazazi, kisha nikarudi kujaza R zote kwa kalamu, ukurasa baada ya ukurasa. Mwalimu Mkuu wa wakati huo alinitazama, akaona nina subira ya kijinga, akanikabidhi ufunguo wa stoo. Ndani mlikuwa na majembe, neti ya goli iliyoliwa na panya, na maboksi ya vitabu ambavyo msamaria fulani wa ng'ambo alivituma bila kuuliza tunasoma nini. Kimoja kilifundisha namna ya kutunza viatu vya kuteleza kwenye barafu. Hiyo ndiyo ilikuwa maktaba, na kuanzia siku hiyo watoto wakaniita Madam Library. Sijawahi kusikia tena jina langu pale shuleni.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Barasa, mkutubi mstaafu aliyekuwa akiishi jirani. Alikuwa akija Jumamosi na gundi yake ya unga wa ngano, tukibandika namba kwenye migongo ya vitabu. Gundi hiyo ilikuwa nzuri sana, na mende wa Eldoret walikubaliana nasi. Kabla muhula haujaisha walikuwa wamepitia vitabu vingi kuliko darasa la nane. Tukahamia gundi ya dukani.

Mzee Barasa alinifundisha pia mfumo wa kadi, na lazima niueleze hapa maana mambo yote yaliyofuata yanautegemea. Kila kitabu kilikuwa na kimfuko cha karatasi ndani ya jalada la nyuma, na ndani ya kimfuko kulikuwa na kadi. Mtoto akitaka kitabu, anaandika jina lake lote kwenye kadi, ananiachia, nami namgongea muhuri wa tarehe ya kurudisha. Kitabu kikirudi, kadi inarudi mfukoni mwake. Kwa hiyo kila kadi ilikuwa na majina ya watoto wote waliowahi kukisoma kitabu hicho, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

"Kadi ikijaa majina," Mzee alikuwa akisema, "jua hiyo kitabu iko na afya."

Nilimwamini. Watoto nao walipenda kupekua kadi waone kaka zao na marafiki zao walisoma nini. Kulikuwa na msichana wa darasa la tano aitwaye Grace ambaye jina lake lilikuwa karibu kwenye kila kadi ya hadithi. Aliliandika lote, majina matatu, kwa herufi za kuviringika, kama mtu anayetia sahihi kwenye noti za benki. Majina yale mengine mawili sitayataja kwa sasa. Mtaona kwa nini.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi yakaja yale machafuko ya mwanzo wa 2008. Waliokuwa Eldoret hawahitaji kusimuliwa, na ambao hawakuwapo sitawasimulia moshi. Nitasema hili tu: katika mji wetu wakati ule, jina la pili la mtu lilitosha kueleza alikotoka babu yake, na hilo lilitosha kumfukuza nyumbani kwake au kufanya mabaya zaidi. Jina langu halikunitia hatarini mwaka ule. Lilikuwa jambo la bahati, wala si wema wangu, na niliona aibu kulala salama.

Tuliporudi shuleni tulikuta mlango wa maktaba umevunjwa. Walichukua viti, pazia, hata balbu. Vitabu hawakugusa hata kimoja. Mpaka leo sijui nilipaswa kufurahi au kukasirika.

Madarasa yalikuwa na mapengo. Familia nyingi zilikuwa kwenye hema katika uwanja wa maonyesho, nyingine zilikuwa zimepanda malori na kwenda zisikokujua. Na wale watoto waliokuwapo walikuwa wamejifunza jambo jipya. Nilimwona mvulana akitoa kitabu kwenye rafu, akafungua nyuma, akasoma kadi, akakirudisha haraka kama kimemchoma. Nilimwona mwingine akichukua biro na kukwaruza jina la mtoto mwenzake mpaka kadi ikatoboka. Walikuwa wakikagua majina. Zile kadi nilizojivunia zilikuwa zimegeuka kitu kingine mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyezipanga kwa alfabeti.

Grace alirudi muhula ulipokuwa umekolea. Mama yake alikuwa amekataa kuondoka Eldoret. Walikuwa bado kwenye hema, mama akimsindikiza mtoto kwa miguu kila asubuhi. Grace alikuja maktaba na mfuko wa plastiki, akatoa hadithi za sungura na fisi alizokuwa amekopa kabla ya Krismasi. Kitabu kilinuka moshi.

"Madam, nimechelewesha," alisema. "Tulitoka haraka, lakini nilikuwa nimeiweka kwa bag."

Nyumba yao ilikuwa imeungua. Katika vyote walivyokuwa navyo, kitabu cha shule ndicho kilichopona. Nilimwambia achague kingine.

Alichagua, akaja mezani, akashika kalamu. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watoto. Aliandika "Grace", kisha mkono ukasimama. Aligeuka akawatazama waliokuwa nyuma yake, akanitazama mimi, akaweka kalamu chini.

"Sitaki tena, Madam," akasema, akarudisha kitabu kwenye rafu, akatoka.

Hakurudi siku iliyofuata, wala wiki iliyofuata. Nilimwona uwanjani wakati wa mapumziko akisoma maandishi kwenye gazeti lililofungiwa mandazi. Mtoto aliyekuwa amemaliza nusu ya rafu zangu! Nikaapa kwamba huyu mtoto atasoma tena katika chumba hiki bila kuogopa aliye nyuma ya mgongo wake, hata ikibidi nibomoe kila kitu alichonifundisha Mzee Barasa.

Nilikibomoa. Nilitoa kadi zote kwenye vitabu, nikazichoma kwenye jiko la shule, na mpishi akaniambia chai ya siku hiyo ilichemka upesi. Niliweka kadi mpya tupu. Badala ya jina, mtoto aandike namba yake ya kuandikishwa shule, ile ambayo kila mtoto anaikariri tangu darasa la kwanza na ambayo haisemi baba yako ni nani. Lakini namba peke yake haikutosha, maana mimi bado nilikuwa nimekaa pale mezani, na walimu wakipita walizoea kusimama na kuuliza huyu ni nani na amechukua nini. Kwa hiyo nikahama meza. Niliisukuma hadi kona ya nyuma ikitazama ukuta, nikaufunga muhuri wa tarehe kwa kamba ya katani, nikaweka kisanduku cha kadi, nikawaambia watoto: andika namba, gonga muhuri, tia kadi kisandukuni, nenda. Mmoja mmoja. Wengine wasubiri mlangoni.

Mwalimu Mkuu hakufurahi. "Madam, watabeba vitabu zote. Hii ni kuacha duka wazi."

"Mwalimu, waliovunja mlango hawakubeba hata moja," nikamwambia. "Nipe muhula mmoja. Vikipotea zaidi kuliko zamani, nirudishe kwa taipu."

Alikubali, nadhani kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyetaka ile stoo.

Nilimwita Grace nikamwonyesha kona ile. Sikumweleza sababu. Aliangalia ukuta, akaangalia mlango, akaangalia kadi mpya isiyo na jina hata moja. Aliandika namba yake polepole. Kisha akagonga muhuri kwa nguvu hivi kwamba meza ikaruka, akakumbatia kitabu na kuondoka bila kusema asante. Niliingia nyuma ya rafu nikalia kidogo, nikatoka nikaendelea na kazi.

Vitabu vilipotea, sitawadanganya. Kile cha wakimbiaji wa mbio ndefu kilitoweka mara mbili, na mara zote mbili kikarudi kimejaa vumbi jekundu. Nina hakika kilikuwa kikifanya mazoezi na wanariadha Kaptagat. Lakini hesabu ya mwisho wa muhula ilikuwa nzuri kuliko ya miaka niliyokaa pale kama askari. Kumbe mtoto akiachiwa muhuri mkononi hujiona mwenye duka. Mwalimu Mkuu alihesabu tena mwenyewe, na sikurudishwa kwa taipu.

Miaka ikaenda. Grace akamaliza darasa la nane, akaenda sekondari, na kona yangu ikabaki. Ndipo Mwalimu Kiprono akaletwa kufundisha kompyuta. Ni kijana wa Kapseret, mwenye ng'ombe wawili na akili nyingi, na asubuhi alifika kazini ameshakamua na kupeleka maziwa. Kampuni moja ya mjini ilikuwa imetupa kompyuta zake kuukuu, Kiprono akazifufua, akapata programu ya maktaba ya bure na skana ya mkono. Tulikaa likizo nzima tukichapa ile mistari myeusi ya barcode, tukiikata kwa makasi na kuibandika. Shikeni hili: ibandikeni nje, kwenye jalada la nyuma, pembe ya juu, na muifunike kwa selotepu pana. Ukiweka ndani, mtoto mdogo atachana jalada akitafuta. Meza iwe ya kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Waya wa skana ufungwe mguuni mwa meza. Na siku za kwanza muwaachie wachoke nayo. Wetu waliskani biskuti, madaftari, sabuni na sweta. Mashine ikawaambia kwa adabu kwamba kitabu hicho hakipatikani, wakacheka mpaka kengele ikalia.

Lakini kabla ya watoto, Kiprono alinifanyia majaribio mbele ya Mwalimu Mkuu mpya, mama mmoja mchangamfu aliyependa mambo ya kisasa. Kiprono alipitisha kadi ya mwanafunzi, nayo yenye barcode, chini ya skana. Ikalia pii, na kwenye kioo, kwa herufi kubwa za kijani zinazoonekana kutoka mlangoni, yakatokea majina ya mtoto, yote matatu, na chini yake: KARIBU.

Mwalimu Mkuu akapiga makofi. Kiprono akanigeukia akitabasamu.

"Toa jina," nikasema.

"Aje, Madam? Nitoe jina?"

"Toa jina. Iandike namba. Au iseme asante tu, inyamaze."

"Lakini Madam, hiyo ndiyo poa yake! Mtoto anajiskia anajulikana. Nimekaa weekend nzima nikipanga hiyo."

"Imependeza, mwanangu. Itoe."

Mwalimu Mkuu aliingilia kati kwa upole. "Madam Library, najua unafikiria nini. Lakini hiyo ilipita. Watu wamesahau."

"Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, Mwalimu. Waliosahau ni wale ambao hawakung'atwa. Uchaguzi mwingine unakuja na mwingine baada ya huo, na sitaweka kwenye hii maktaba kitu cha kutangaza mtoto ni wa nani mbele ya foleni. Mkitaka majina, wekeni. Lakini mtafute mtu mwingine wa kushika ufunguo." Nikautoa mfukoni, nikauweka mezani karibu na skana.

Kiprono aliutazama ufunguo, akanitazama. Yeye mwaka ule wa moshi alikuwa bado kijana wa sekondari, na sijui aliona nini huko kwao, sikuwahi kumwuliza. Aliketi, akabonyeza bonyeza.

"Haitataja," akasema. "Shika key yako, Mama."

Kuanzia siku hiyo mashine yetu ililia pii na kuandika: Asante, 2146. Asante, 2310. Wageni kutoka shule nyingine walikuja kuiona, wakatusifu, na kila mmoja akauliza mbona haina majina. Niliwaambia ni mambo ya programu. Kiprono aliinamia viatu vyake.

Miaka ya uchaguzi nilijifunza kuisoma ile mashine kama mkulima anavyosoma mawingu. Mwaka wa 2017, kura zilipokaribia na watu wakaanza kusafirisha familia kwao, niliogopa kwamba watoto watarudisha vitabu vyote na kuniachia rafu zilizojaa, kama mtu anayelipa kodi ya mwisho kabla ya kuhama. Badala yake pii zilizidi. Walikopa vya kwenda navyo. Nikamwambia Kiprono aruhusu vitabu viwili kwa kila mtoto, maana mtu anayebeba kitabu cha shule kwenda kijijini amepanga kurudi. Vilikwenda Nyeri, Kisii, Bungoma na kwetu ziwani, vikarudi vikiwa na madoa ya uji ya kila kaunti. Nilivipangusa kwa furaha.

Kwa hiyo mnaona nilikuwa na sababu, na nilikuwa mkaidi. Nilidhani nitaondoka na mashine yangu ikiwa bubu vilevile.

Muhula wangu wa mwisho, tuliletewa walimu wapya wa mafunzo, mmoja akiwa binti mrefu mwenye miwani. Alisimama mlangoni mwa maktaba, akatazama kona ya nyuma, akasema, "Kamba ya muhuri bado iko." Ilikuwepo, nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya siku stima inapopotea na kompyuta kuzima. Nilimtambua kwa namna alivyoangalia rafu kabla ya kuniangalia mimi. Grace. Mwalimu Grace, sasa. Tulikumbatiana mpaka miwani yake ikaanguka.

Wiki chache baadaye alileta darasa lake. Msichana mmoja mwepesi wa ulimi, Chebet, aliskani kitabu, akasoma kioo, akanigeukia akiwa amekunja uso.

"Madam Library, mbona hii mashine inatuita namba? Hata mbuzi ya kwetu iko na jina."

Darasa zima likacheka, kisha wote wakataka kujua. "Tunataka majina yetu! Yote!"

Nilifungua mdomo kusema ni mambo ya programu. Sikuweza kusema uongo huo mbele ya Grace. Niliwaambia namba inatosha, wapange foleni, waache kelele. Grace alinivuta kando ya rafu.

"Madam, ilikuwa ni juu yangu, si ndio?"

"Ilikuwa juu ya wengi."

"Lakini mimi ndiye niliweka kalamu chini."

Nilikuwa nikitazama foleni ile, nikiwaona wale wengine wa zamani.

"Nilisoma hii library yote kwa namba," akasema. "Ingekuwa jina, singesoma. Mama yangu mpaka leo anauliza ni nani alitengeneza ile kona. Lakini hawa wanaitisha wenyewe, Madam. Hatujawanyima?"

"Na ukija mwaka mbaya?"

"Kiprono si yuko? Anazima. Na wewe umetufundisha mahali switch iko."

Kiprono aliitwa kutoka darasani. Nilimwambia aweke njia ya kuchagua: anayetaka jina apate jina, anayetaka namba abaki na namba yake, na asiulizwe sababu. Ilimchukua muda mfupi sana, nikashuku kwamba alikuwa ameiandaa miaka yote hiyo akisubiri. Kisha nikauliza nani ataanza. Watoto wote walinyoosha mikono, lakini Grace alikuwa ameshafika mezani.

Alichukua kitabu cha kwanza ulichogusa mkono wake. Watoto walijipanga nyuma yake, wakisukumana. Alipitisha kadi yake ya mwalimu, akabonyeza. Aligeuka, akatazama foleni, kama vile tu alivyogeuka siku ile.

Pii.

Herufi za kijani zilijaa kioo, na Chebet, aliyekuwa wa pili kwenye foleni, akazisoma kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Karibu, Grace Wambui Kariuki!"

Nilingoja mtu anong'one kuhusu yale majina mawili. Grace naye alingoja, mkono ungali juu ya skana.

"Sawa, Teacher," akasema Chebet, akimsukuma kidogo kwa kiwiko. "Si usonge? Na sisi tunataka zetu."